Jagi la Magarita kwenye Posa ya Neema

Mdogo wangu mpendwa Agripina,

Bwana asifiwe. Tangu urudi kwenye kazi yako ya hoteli huko Mwanza hatujaongea vizuri. Kwenye simu tunaishia kuulizana habari za mvua. Leo acha nikuandikie, maana kuna jambo limenikaa kifuani, na nikilisema kwa mdomo nitalia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakamua ndizi na mama hapa Mugoma? Mimi nakanda kwa majani mpaka mikono inawasha, wewe umekaa pembeni unalamba vidole. Baba akipita anasema, "Agripina wangu, hujambo?" Mimi naulizwa, "Wewe, kazi imefika wapi?" Nilikuwa nacheka tu. Nilidhani hayo yaliishia utotoni.

Halafu ikaja siku ya posa ya mwanangu Neema. Nilikualika kwa moyo mweupe, wewe ndiye mama yake mdogo. Nilikuwa nimeandaa togwa ya ndizi, tamu, isiyolevya, kama inavyofaa nyumba ya mlokole. Wewe ukashuka kwenye basi na tekila, ile pombe kali ya hotelini kwenu, na bia na mfuko wa ndimu.

"Dada, usininunie. Hii ni ya kutengeneza magarita, ya wakwe wanaokunywa."

Ukakamua ndimu kwenye jagi, ukatia sukari uliyoichemsha na maji, ukatia tekila, mwisho ukamimina bia baridi taratibu, jagi umeliinamisha ili povu lisifurike. Midomo ya glasi ukaipaka chumvi. Wanawake wote wakaacha masufuria wakutazame. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitazama.

Ukawapelekea wageni wetu wa Nemba, ukamimina, ukarudi nyuma na kufunga mikono kama uko hotelini. Mzee mshenga hakugusa glasi.

"Binti, mbona hujaonja?"

"Mzee, kazini kwetu ukionja glasi ya mgeni unafukuzwa."

"Na huku kwetu, aliyetengeneza asipotangulia kunywa, mgeni hanywi. Tutajuaje umetia nini?"

Uso ukakushuka. Mila ya kwenu mwenyewe, Agripina, hoteli imekusahaulisha! Kabla hujanyoosha mkono, Neema akainuka pale alipokuwa ameketi na kanga kichwani. Mwali wa kuposwa, ambaye hakupaswa hata kukohoa.

"Ya mama mdogo naonja mimi. Nikifa, mtakuwa mmeokoa ng'ombe wenu."

Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kilevi akanywa funda moja, akakunja uso, akakaa. Mzee naye akanywa, kisha akaomba ya pili. Togwa yangu ilipokuja hakuna aliyeuliza nani kaitengeneza.

Lakini si pombe iliyoniuma, mdogo wangu. Kilichoniuma ni kwamba alisimama kwa ajili yako. Mimi nimemlea, nimemuuguza, na sijawahi kumwona akinisimamia hivyo mbele za watu.

Sasa wiki iliyopita ananiambia kwamba siku ya kuagwa kwake anataka wewe ndiye umshike mkono kuingia ukumbini. "Mama mdogo anajua kuchangamka. Wewe mama utalia." Na nitalia kweli! Mama asilie, alie nani?

Jumapili mchungaji akahubiri juu ya husuda, nikabaki naangalia viatu vyangu. Nimeomba, nimefunga. Kila nikisema amina nafumbua macho, na wivu bado umekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Nakupenda, Agripina, na nakuonea wivu, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja.

Jana nimempa Neema jibu. Nimemwambia akuite. Basi njoo, na jagi lako uje nalo. Utamshika mkono wa kushoto. Wa kulia ni wangu, na nitalia kuanzia mlangoni mpaka mbele, wala usinipe kitambaa.

Bwana akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
mama yake Neema, aliyemzaa.