Mijusi Tisa Ndani ya Esaiga

Dada yangu Moraa,

Jumanne nilimpeleka Kwamboka, binti yako wa kwanza, shuleni. Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini kwanza kuna habari moja niliyoitoa vibaya nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ya gazeti imenifundisha kwamba habari iliyotoka vibaya husahihishwa kwa kutaja kosa, si kwa kulizunguka.

Mayai uliyapata wewe. Ulikuwa unapalilia kule juu shambani, jembe likafukua mayai madogo meupe yenye ngozi laini. Mtoto mwingine angeyaponda. Wewe uliyafukia kwenye kopo la mchanga, ukaliweka nyuma ya jiko ambako mama hakuangalia, maana mama aliwaogopa mijusi kuliko nyoka. Wiki nyingi zikapita, ukasahau, kisha asubuhi moja ukawakuta tisa, kila mmoja hazidi kidole changu cha shahada. Ukanipa mimi wote.

"Utakaa ndani mwezi mzima," uliniambia. "Utahitaji watu wa kuongea nao."

Ilikuwa Desemba ya Uhuru. Watu walikuwa wakiimba barabarani kuelekea Nyamache, nami nilikuwa nimetoka kutahiriwa, nimelazwa esaiga, ile nyumba ya wavulana kando ya boma. Tata, baba yetu, hakuruhusiwa kutia mguu mle mpaka siku ya kutoka kwangu. Mama hali kadhalika. Msichana ndiyo kabisa. Kukutwa ndani ya nyumba ya mwari ilikuwa aibu ambayo ingemfuata hata akiolewa. Aliyeingia na kutoka ni binamu yetu Nyakundi tu, aliyekuwa amekwisha kupita njia hiyo, ndiye aliyenipikia na kuniuguza.

Kwa hiyo mijusi niliwaona mimi na Nyakundi, na Nyakundi hakuwa na haja nao. Aliwapigilia sanduku la mbao lenye wavu wa waya mbele, akaweka bapa la jiwe laini la kuchonga ili wapate pa kuota jua la mlangoni, akasema kazi yake imeisha. Wewe ulikuja jioni kwenye tundu la ukuta, ukanipitishia panzi na kumbikumbi waliofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Hilo lilivumiliwa. Mkono kupita ukutani haukuwa mtu kuingia.

Kosa la kwanza lilikuwa langu peke yangu. Kidonda kilipoanza kukauka, Nyakundi alinitoa nje kuwinda ndege, na huko nikamnasa mjusi dume wa mtini, yule mwenye kichwa cha buluu, mkubwa kama mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Nikamtia ndani ya sanduku pamoja na wale wadogo. Nilikuwa na sababu zangu. Boma lolote nililolijua lilikuwa na mzee, na mzee ndiye aliyezuia watoto wasiumizane. Wadogo walikuwa wameanza kung'atana vidole. Mmoja alikuwa amepoteza ncha ya mkia. Niliona wanahitaji mtu mzima. Nikamwita Chifu, kwa jinsi alivyokaa juu ya jiwe akitikisa kichwa kama anayesikiliza kesi asiyoiamini.

Siku ya tatu walikuwa saba. Wiki ilipoisha walikuwa watano. Mimi nilishinda porini na upinde wangu, nikirudi nimechoka, na siku nyingine panzi wako nikawasahau kwenye jani mpaka wakafa.

Nakumbuka jioni uliyokuja bila kitu mkononi. Ulinong'ona tunduni:

"We! Mtoe Chifu humo. Wanakulana hao."

"Nani kakwambia?"

Nilisikia unavyohema.

"Nimesema tu. Na wale wakubwa watenge na wadogo. Uwape chakula kila siku, si ukikumbuka."

"Unamwogopa Chifu kama mama!" nikacheka. "Mjusi anakula nzi, Moraa. Hali mjusi. Kwani wewe unakula watu?"

Ukaenda zako. Kesho yake nikakuta nyayo zako kwenye udongo chini ya tundu, na jani la mgomba limechanika, na mijusi ni wanne. Nikaunganisha. Ulikuwa umewahi kusema kwamba tukichoka nao tuwarudishe kule juu shambani ulikowapata. Kwa hiyo ni wewe. Kumbe hata wakati huo nilikuwa na ugonjwa wa kupenda habari iliyokaa vizuri kuliko habari niliyoihakikisha. Nikamwambia Nyakundi: Moraa anawaiba.

Nyakundi alinitazama. "Mwizi gani mwenye akili zake anaiba mijusi?" aliuliza. Lakini alikuwa mjumbe, akapeleka.

Tata alikuja akasimama mbali uwanjani, akaanza kumwuliza Nyakundi maswali kwa sauti ya kunifikia, kwa sababu mimi hakutakiwa kunisemesha. Nami nikamjibu Nyakundi kwa sauti ya kumfikia tata. Nyakundi katikati akarudia kila neno kama karani wa mahakama. Mijusi wenyewe hawakuwa kitu. Lakini kumwibia mwari aliye ndani lilikuwa jambo zito, na tata hakuweza kuingia alitazame sanduku kwa macho yake. Alikuwa na neno langu tu.

Ukaitwa. Nilikusikia ukiulizwa mara tatu, "Umewachukua?" na mara tatu ukajibu, "Sikuwachukua." Tata akasema, "Basi wako wapi?" Hapo ukanyamaza kabisa.

Barua ya kuitwa shule ya bweni ilikuwa imefika, na tata alikuwa amekununulia sanduku la bati Kisii mjini, la kijani, jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Nilimsikia akisema, bila kupaza sauti: "Anayemnyamazia baba yake hakuna atakayempeleka bwenini. Akae nyumbani mwaka mmoja kwanza."

Siku nne baadaye mvua ilitufukuza porini mapema. Nilimkuta Chifu juu ya jiwe lake. Miguu miwili ya nyuma na mkia wa mdogo vilikuwa vikitokeza mdomoni mwake, na mguu mmoja ulikuwa bado unacheza. Alimeza kwa utulivu, akitua na kuendelea. Nilitazama mpaka mwisho. Kisha nikahesabu. Walikuwa wamebaki wawili, na mmoja alikuwa hana mkono.

Siku mbili baadaye nilikuwa nitoke ndani. Ningepakwa mafuta, tata angenibariki, ningeitwa mtu. Nilipima hilo nikapima na wewe, nikanyamaza. Chifu nilimrudisha mtini kabla ya jua kupanda, na wale wawili nikawaachilia upande mwingine wa mto. Tata alinishika bega siku ile, akasema nimekuwa mwanamume. Sikumrekebisha, na alikufa bila kurekebishwa.

Sijui kama angekuacha uende. Huenda alikuwa anatafuta sababu, kama wazee wengi wa wakati ule wenye binti mwenye barua mkononi, na mimi nikampa. Siwezi kuandika nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba mwaka mmoja ulikuwa wa kupanda chai, uliofuata mama akajifungua, na wa tatu ukaolewa. Sanduku la bati ulikwenda nalo, ukatunzia maharagwe ya mbegu.

Nilikwambia ukweli miaka kadhaa baada ya kuanza kazi ya gazeti, kwenye banda la kununulia majani ya chai huko Itumbe. Nilikuja na daftari kuandika habari za wakulima, nikakukuta kwenye foleni, kikapu mgongoni. Nilikusimulia yote nimesimama. Ulisogea hatua moja na foleni, ukasema:

"Nilikuambia wanakulana. Ulicheka."

"Kwa nini hukumwambia tata?"

"Ningesema nimewaona wapi?"

Nilikuwa mwandishi wa habari mwenye miaka kadhaa ya kuuliza watu maswali, na swali hilo sikuwahi kulifikiria. Uliingia esaiga. Siku niliyokuwa porini, kwa sababu ulijua siwalishi, uliingia na panzi mkononi ukamwona Chifu kazini. Ili kusema mijusi walikokwenda, ilikubidi useme uliingia. Ulipima aibu mbili, ukachagua ile niliyokuwa nimekutengenezea.

"Beba upande huu," ukaniambia, "kikapu kinaniumiza." Nikabeba. Hatukuzungumza tena habari hiyo hadi homa ilipokuchukua mwaka jana.

Sasa habari ya mwezi huu. Kwamboka ameitwa shule ya bweni. Nilikwenda Nyamache kumwona shemeji, mume wako, nikaikuta barua imechomekwa nyuma ya kopo la majani ya chai.

"Wadogo zake hawana mama," alisema. "Akae nyumbani mwaka mmoja kwanza."

Maneno yale yale. Kwamboka alikuwa anamenya ndizi karibu na mlango, kisu kikatulia.

Nikamsimulia shemeji habari ya mijusi, tangu kopo la mchanga. Sikuruka mahali. Alisikiliza hadi mwisho, akakaza macho.

"Kwa hiyo unakuja nyumbani kwangu kuniambia mimi ni mjusi?"

"Sikusema hivyo. Mjusi ni mjusi, alikuwa na njaa na sanduku lilikuwa dogo. Nakuambia habari za ule mwaka mmoja. Haukurudi."

"Na hawa wadogo wawili?"

"Waje kwangu mjini."

"Mke wako anajua?"

"Bado."

Shemeji alicheka kidogo puani. Alisimama, akaichomoa barua, akaifuta vumbi kwa kiganja na kumpa binti yake.

Kwamboka alinisindikiza njiani. Tulipofika kwenye mipaka ya shamba aliniuliza, "Mjomba, mama aliingia esaiga kweli? Mwari akiwa anakaa humo?"

"Aliingia."

Alicheka mpaka akashika magoti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Wadogo zake wako hapa kwangu. Mke wangu alininunia siku mbili, sasa anawafundisha kusoma saa. Maharagwe tuliyahamishia kwenye gunia, na sanduku nililibeba mwenyewe hadi mlango wa bweni. Kutu imekula pembe moja, lakini kufuli linashika. Nilitaka kulipaka rangi upya na kuandika jina la Kwamboka kwenye kifuniko. Alikataa. Amesema liende hivyo hivyo, na jina lililoandikwa tangu mwanzo.

Hukuiba, Moraa. Nilikosea, na nilijua.

Mdogo wako uliyempa mijusi