Ekzosi ya Kazunari

Kwako dada Fumie,

Figili nimeshazianika barazani. Mume wangu anabadilisha ekzosi ya kile kigari chake cha michezo, maana Mzee Hirota jirani amechoka na kelele. Jana gereji alijaribu kadhaa, akachagua iliyo kimya kuliko zote.

"Ya zamani ilikuwa nzuri," nikasema.

Akanizaba kofi mbele ya fundi, damu ikanichuruzika puani. "Tangu lini wewe unajua magari?"

Dada, muungurumo ule nilikuwa nikiusikia tangu darajani, nikawahi kumficha mwanangu Mio kabatini. Siku niliyochelewa, Kazunari alimvunja mkono. Sasa atakuwa akifika kimyakimya.

Barua hii ikikufikia, mimi na Mio tutakuwa njiani kuja kwako. Akipiga simu, sema hujatuona.

Mdogo wako,
Sanae