Mkwe Mwenye Ulimi wa Paka

Jumapili, 1 Oktoba
Binti yangu Misuzu kamleta mchumba. Jina lake Kosuke, fundi wa meno bandia, kwao Yamagata. Mpole, viatu kavipanga vizuri mlangoni. Nikasema moyoni, huyu anafaa. Nikampikia ramen ya duka letu, tambi ndani ya supu ya moto, kwa mkono wangu, nyama nikamzidishia.

Akaliangalia bakuli. Akapuliza. Akaliangalia tena. Mke wangu akamsimulia habari za theluji ya mwaka jana, hadithi ikaisha, kijana bado anapuliza! Tambi zikanywa supu mpaka zikawa nene kama vidole. Kula alikula, zote, lakini kimya kimya kama yuko msibani. Hakuzivuta kwa kelele hata mara moja, na kwetu kelele ndiyo sifa kwa mpishi.

Misuzu anasema ana ulimi wa paka. Vya moto haviwezi tangu utoto. Ulimi wa paka — katika mji wa Kitakata, ambapo watu wanakula ramen saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini!

Jumatatu, 2 Oktoba
Nimeropoka. Wateja walikuwa wengi, wakaniuliza habari za mkwe. Nikasema mkwe wangu ni yule atakayemaliza bakuli langu kabla tambi hazijavimba. Wakacheka. Misuzu hakucheka. Alikanda unga mpaka mchana bila kuniangalia.

Jioni akaniambia taratibu kwamba nikimkataa Kosuke, watahamia Yamagata. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Mtoto ni huyo mmoja. Tambi za duka hili anazikanda yeye, mabega yangu yalishakataa. Akiondoka nafunga. Duka la baba yangu — nafunga. Nimeogopa, nakubali. Lakini nimeshasema mbele ya watu, maneno nitayarudishaje mdomoni?

Mke wangu ana lake. "Maji ya moto hayachomi nyumba, Baba Misuzu. Lakini ya kwako yatatuhamishia mtoto."

Alhamisi, 5 Oktoba
Kijana anafanya mazoezi! Kila jioni anaingia duka la ramen huko kwao na kukimbizana na bakuli la moto. Kauunguza ulimi. Misuzu anasema kwenye simu anaongea kama mtu asiye na meno — yeye, fundi wa meno. Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka.

Jumapili, 8 Oktoba
Kule Yamagata wanakula ramen baridi. Na barafu ndani. Huku kwetu tunawacheka, na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote.

Nataka tu kujua mafuta wanayafanyaje yasigande. Ni swali la ufundi. Basi.

Jumanne, 10 Oktoba
Supu nimeipoza, mafuta ya nguruwe yameganda juu kama nta ya mshumaa. Nimemwaga yote.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimepunguza mifupa, nikaongeza dagaa wakavu na mwani. Haigandi tena. Lakini haina ladha, baridi inameza chumvi.

Mke wangu kafungua friji, kaiona sufuria. Kauliza hii nini. Nikasema ni maji ya kulowekea dagaa. "Ahaa," akachota kijiko, akaonja. "Basi haya maji ya kulowekea yanataka mchuzi wa soya kidogo." Akafunga friji, akaenda kuanika nguo.

Nimeongeza soya. Mwanamke huyu! Alikuwa sahihi.

Jumamosi, 14 Oktoba
Kesho tamasha la ramen. Tumesimamisha kibanda chetu mbele ya maghala ya zamani, ubavuni kwa Sudo, ambaye duka lake linatazamana na langu mwaka nenda mwaka rudi. Kaniuliza kwa sauti, watu wasikie, kama yule mkwe paka atakuja, amwekee maziwa.

Atakuja. Misuzu kasema Kosuke anataka kula bakuli langu hadharani, shauri hili liishe. "Na likiisha vibaya, Baba, utakuwa umelitaka wewe." Nikajifanya nahesabu mitungi ya gesi.

Jumapili, 15 Oktoba
Naandika nimekaa juu ya kreti, nyuma ya kibanda. Foleni imefika darajani. Kosuke kafika na tai shingoni. Ulimi umepona nusu.

Nilimwambia Misuzu aendelee na wateja, hili bakuli ni langu. Supu nikaitoa kwenye sanduku la barafu. Barafu yenyewe nikaichuja yote, Sudo asije akaona. Tambi nikazichemsha, nikazisuuza kwa maji baridi. Nyama, vichipukizi vya mianzi, vitunguu. Kwa macho halina tofauti na mengine, na mvuke wa masufuria umetanda kila mahali. Nikamwekea mbele yake. Nikasema, "Kula." Nikakimbilia huku nyuma.

Sasa nachungulia. Kashukuru kwa chakula, kashika vijiti. Walio mbele kwenye foleni wanarefusha shingo. Sudo kaacha sufuria yake.

Anapuliza.

Anapuliza supu ya baridi! Haya mabakuli ya tamasha ni mazito, mkono hausikii kitu. Anadhani inachemka. Jasho linamtoka, anajikaza, anapuliza tena. Na tambi hazimngoji mtu, ziwe za moto ziwe za baridi.

Mke wangu ananitazama huku anauma mdomo asicheke. Anajua, lakini kuniokoa hataki. Misuzu hajui. Kaweka mwiko chini, kafumba macho.

Kuna mtu mmoja tu wa kumwambia kijana kwamba imeshapoa. Na itabidi aseme kwa sauti, mbele ya Sudo na foleni nzima, kwamba mimi, mtu wa Kitakata, nimepika ramen baridi, na nimeipika kwa ajili ya huyu.

Anapuliza tena.

Nimesimama, naandika nikiwa wima. Nimefunua pazia. "Kosuke," nimemwita, na wote wamegeuka, "mwanangu, hiyo usiipulize —"