Marahaba Uliyoipa Simu

Newala, nyumbani kwa Mama Faidha,
Julai.

Kaka yangu Bartholomayo,

Shikamoo. Naamini hujambo, shemeji Yuster hajambo, na watoto wamepona kikohozi cha vumbi la salfa ya mikorosho. Mimi mwili ni mzima. Ukungu wa Newala unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, lakini mwili haulalamiki. Inayolalamika ni roho, na leo utaisikia.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu, ukisikia neno usilolipenda, unasema mtandao unakatakata. Karatasi haikatiki. Nimempa Dastani, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi.

Kaka, nimekasirika. Nimekasirika hasira ya kumwaga ndoo ya maji, na unajua maji ya huku juu yanavyopatikana.

Nilikutuma uwe mshenga wangu kwa Mzee Silvesta, mjomba wake Bibiana, maana kwetu mjomba akikataa, hata baba mzazi anakunja mkeka. Sikumtuma mlevi. Nilimtuma mwalimu, msoma somo wa kanisani Chiwata, mtu anayevaa koti hata jua la Oktoba. Nikajisemea, Bartholomayo akifungua mdomo tu, mke nimepata.

Bibiana ndiye aliyewaandalia chai, naye kanieleza yote. Kwamba Mzee aliuliza vizuri tu, mdogo wako anafanya kazi gani. Kwamba ulikohoa, ukatazama paa, ukasema bado anajitafuta, yupo Newala na kompyuta. Mzee akasema basi ajitafute taratibu, akishajipata amlete huyo aliyepatikana ndipo mzungumze. Ila korosho za kwanza zikianguka hajatokea, kuna mwingine mwenye mikorosho yake anasubiri. Na wewe, badala ya kunitetea, ukacheka! Ukaongeza kwamba unaniombea kazi ya ulinzi pale shuleni. Mimi Zabroni nilinde madawati!

Hukujua la kusema kwa sababu hujawahi kuniuliza. Sasa sikiliza. Mtwara nimebeba mizigo, Unguja nimewatembeza wazungu, na Kiingereza nimekiokota kama korosho, moja moja, mpaka gunia likajaa. Ni kweli kidato cha pili kilinishinda. Lakini bosi wangu aliyeko Uholanzi hajaniuliza cheti hata siku moja. Nilianzia kwenye duka la intaneti Masasi, nasikiliza mazungumzo ya watu yaliyorekodiwa na kuyaandika, kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Nikakosea, nikarekebishwa, nikapewa kazi kubwa zaidi. Leo ofisi yangu ni begi. Juzi nilikuwa Lindi, jana Ndanda. Mji ukinichosha nahama, na kazi haijui kama nimehama. Wazungu wenyewe wanatuita wahamaji wa mtandaoni. Bosi namwona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Kama ana miguu, ni siri yake.

Ubaya upo, sikatai. Mtandao wa huku mpakani una wazimu. Nimekaa kitandani kwangu, mara simu inanikaribisha Msumbiji. Na kwa kuwa kazi yangu inataka ukimya, hujifunika blanketi, mimi na kompyuta, nikasoma kwa sauti. Siku ya kwanza Mama Faidha, mwenye nyumba, alifungua mlango kuniletea maji, akakuta blanketi linaongea Kiswahili cha redioni. Akapiga yowe. Jirani akaja na Biblia, yeye akaja na ubani, nikatolewa mapepo ya dini mbili kwa mpigo. Lakini nilipowaeleza, walielewa kabla chai haijapoa. Kwa nini? Kwa sababu waliuliza!

Wala si mara ya kwanza wewe kunidharau bila kuuliza. Unakumbuka nilipokuomba zamu ya kusoma somo kanisani? Ukasema mbele ya wanakwaya kwamba neno la Mungu halisomwi na mtu aliyeshindwa kidato cha pili. Walicheka wote. Nami nilicheka, maana mcheshi hana ruhusa ya kulia mbele za watu.

Sasa nakuja kwenye nililolificha. Bibiana anasema mlipokuwa mnamalizia chai, simu ya Mzee Silvesta ililia. Ulikuwa ule ujumbe wa wakulima mnaopigiwa kila asubuhi, unaowaambia leo upepo umetulia, pulizieni mikorosho, au leo unavuma, acheni. Mzee akaweka sauti kubwa, mkanyamaza kama mko ibadani. Ulipokwisha, akasema kijana mwenye sauti ile ametulia, tena amesoma, na kama angekuja kuposa angepewa Bibiana bila kuulizwa swali. Nawe ukaitikia kwamba ndivyo hasa, vijana wa namna ile ndio tunaowahitaji. Bibiana alitua birika lisimponyoke, akakimbilia jikoni. Mlidhani machozi yake ni ya moshi.

Kaka, kijana yule ni mimi. Anatokea chini ya blanketi. Bosi hunitumia habari za upepo, nazisoma, nazituma, nanyi mnaamka mnazitii. Mdomo wangu unaujua, haujawahi kutunza siri. Hii niliitunza ili mshangae wote siku ya harusi. Hata hilo umeniharibia.

Basi Jumapili hii, baada ya ibada, vaa koti lako, beba jogoo wa kuomba radhi, urudi kwa Mzee Silvesta. Akikuuliza nafanya kazi gani, usikohoe. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Nitamwamkia mwenyewe, na atanijua.

Na hili ulijue. Maneno ninayotumiwa huanzia kwenye upepo. Ile shikamoo ya mwanzo wa ujumbe hakuna aliyeniandikia. Niliiweka mwenyewe, nikikuwaza wewe, pamoja na hasira zangu zote; bosi akaipenda, ikabaki. Shemeji Yuster aliwahi kunichekea kwamba kaka yangu kazeeka, kila asubuhi anaiitikia simu, marahaba mdogo wangu. Nilicheka naye mpaka akakata simu. Kisha nikavuta blanketi, na si kwa kazi.

Wasalimie watoto, umwambie shemeji asinipikie, Jumapili nitakula ukweni.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajapotea,
Zabroni.