Sindano Ndani ya Korongo

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Hamjambo huko, wewe na shemeji na yule Bonge wenu anayekula usiku na mchana? Sisi tu wazima wa mwili, ila roho yangu iko juu juu tangu Jumatano. Soma ukiwa umekaa.

Macho ya mama yamezidi kuingia ukungu, na Alhamisi hii anafanyiwa upasuaji. Daktari anasema huenda akaona, huenda asione. Mama aliitikia vizuri tu. Mimi ndiye niliyeogopa.

Kwa kuwa hawezi tena kuziangalia kazi zangu, nilimtengenezea picha ya kushika: kidimbwi cha sufu, matete yamesimama, majani ya yungiyungi yamelala, na korongo kajitokeza kifua kizima. Unaijua kazi yenyewe, unaidunga sufu kwa sindano ndefu yenye vimeno, unadunga weee, hadi ishikane iwe ngumu. Mama alipoipapasa akacheka.

"Korongo wako ameshiba," akasema. "Huyu leo haruki."

Tangu hapo picha haimtoki mapajani.

Sasa sikia balaa. Jumatano nilikuwa napanga sindano zangu, nikaona moja haina ncha. Nimetafuta mezani, sakafuni, mpaka ndani ya ndara zangu. Haipo. Na sindano ile niliitumia kwa korongo tu. Dada, nimempa mama chuma akipapase kwa vidole, vidole ambavyo sasa ndiyo macho yake!

Utadhani nilisema siku ileile. Wapi! Nilijidai nataka kurekebisha mguu wa ndege, akanikatalia. Mchana aliposinzia nikapitisha sumaku juu ya picha, isinase kitu. Kila akigusa bawa, mimi jasho. Niliogopa kumnyang'anya furaha yake pekee wiki hii, basi nikafyata mkia.

Jana asubuhi akatangaza kwamba anakwenda nayo hospitali. Hapo nikamwaga yote, nikalia kama mtoto aliyevunja sahani. Mama akaipapasa picha mara moja tu, akanikabidhi.

"Mfumue huyo korongo," akasema. "Nikirudi naona, utanitengenezea mwingine. Nikirudi sioni, utanitengenezea mwingine vilevile. Na usinililie juu ya sufu, italowa."

Nilimfumua kidogo kidogo hadi adhuhuri. Ncha ilikuwa chini ya bawa la kushoto, imezama ndani kabisa, fupi kuliko punje ya mchele. Nikadhani sasa moyo utatulia. Haukutulia, dada. Naiogopa Alhamisi, na sitaki kukaa peke yangu kwenye benchi la hospitali nikimsubiri. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, nipigie siku hiyo saa mbili asubuhi, hata kama ni kunigombeza.

Msalimie shemeji, mbusu Bonge mashavu yote mawili. Baba mdogo, fundi saa wetu, anawasalimu. Mungu awakinge na kila baya. Mama naye anakusalimu sana. Anasema wasiwasi uuache hukohuko, uje na sufu nyeupe ya kutosha korongo mmoja.

Ni mimi nikupendaye hata nikiharibu,
Kitindamimba wenu.