Mbweha Aliyepakwa Mafuta

Jumatatu, Novemba 2010. Husby. Mvua haijaamua kama iwe theluji.

Natangaza rasmi, kwa watu wote na mamlaka zote zinazohusika, kwamba mbweha mwenye mikia mingi amefukuzwa nyumbani kwetu, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Alifukuzwa juzi Jumamosi, baada ya chai. Hakuleta upinzani wowote. Alikuwa amechorwa kwenye jalada la kitabu.

Nina kinyaa tangu juzi. Nimepiga mswaki, nimeoga, bado kipo.

Nianze vizuri. Aline, binti wa dada yangu Furaha, ana miaka kumi na mmoja na amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza kitu anakujibu kwa Kiswidi. Bibi, yaani mama yetu sisi, alifika mwaka jana kutoka Uvira, na Kiswidi chake ni "hej" na "tack", salamu na asante, vyote viwili humwambia dereva wa basi. Miezi mingi hao wawili walikaa kochi moja kama abiria wasiojuana. Bibi anasema kula, Aline anakula. Bibi anasema mbona umekonda, Aline anacheka na kurudi kwenye televisheni.

Halafu Aline akaazima maktabani riwaya ya watoto, nene kama tofali. Mambo ya Uchina wa zamani: joka linalolinda mto, taa zinazotembea zenyewe, msichana anayepanda mlima kumtafuta kaka yake, na mbweha anayegeuka mwanamke mzuri. Bibi akaona jalada, akauliza huyo mnyama mikia yote hiyo ni ya nini. Aline akajaribu kumweleza. Joka alilisema kwa mikono. Alipokwama, Bibi akampa neno. Toka siku hiyo, kila jioni baada ya kula, Aline anasoma kimya kisha anasimulia, Bibi anamkatiza na kumwongezea. Mimi nilikuwa naosha vyombo polepole ili nisikie. Dada akirudi kutoka kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee, alikuwa anasimama mlangoni na koti lake, haingii, asije akawakatiza.

Hicho ndicho kilichokuwa kimeingia nyumbani kwetu.

Sasa, Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya maombi. Kina mama wa kanisa huzunguka nyumba kwa nyumba, na inayopokea ndiyo inayopika. Dada alikaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, tangu asubuhi mpaka sweta zetu zote zikanuka ziwa. Mama Pasta, mke wa mchungaji, akaketi kwenye kochi, akahisi kitu kigumu nyuma ya mgongo, akakichomoa. Akakitazama. Akakilaza mezani kifudifudi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenzake yumo.

Akauliza hiki kinalala wapi. Dada, ambaye hajui kudanganya mbele ya wageni, akasema kwa mtoto, chini ya mto wake.

Kina mama wakaweka vikombe chini.

Nimtendee haki: Mama Pasta si mtu mbaya. Bibi aliposhuka kwenye ndege, ndiye aliyekuwa anamngoja na koti la baridi mkononi. Na hakutaka kuhukumu kabla ya kusikiliza. Akamwita Aline, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, utuambie wewe mwenyewe, humu ndani kunafanyikaga nini?"

Hapo ndipo pabaya. Aline alidhani wamekipenda. Chumba kizima cha kina mama kinamtazama, kimya, na hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Akasimama katikati ya zulia, akasimulia kwa Kiswahili, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliposahau neno alimgeukia Bibi, na Bibi akamrushia kutoka kwenye kiti, kisha akawaangalia wageni mmoja mmoja: mnamuona? Akafika kwa mbweha. Jinsi anavyovua ngozi ya mwanamke, anaitundika nyuma ya mlango, anaenda kula maini ya waume waliolala.

"Mabichi," akasema Aline. "Bila chumvi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Bila chumvi, ndiyo.

Mama Pasta akafumba macho. Ikaamuliwa kitabu kipakwe mafuta, mbweha atoke. Ila chupa ya mafuta ya maombi ilikuwa imesahauliwa kwenye gari la mtu aliyeko mbali, Märsta, na jambo lenyewe, walisema, haliwezi kungoja. Wakaingia jikoni. Mafuta ya chupani yalikuwa yameisha kwa ndagala. Yakabaki ya kwenye karai, na makombo yake meusi, na vichwa vidogo vya samaki vikituangalia. Wakayaombea, yakawa matakatifu.

Wakatafuta mtu wa kukishika kitabu kikiwa wazi juu ya beseni. Awe mwanaume, walisema. Mwanaume alikuwa mmoja.

Nilikishika.

Yalishuka katikati ya kurasa taratibu. Karatasi ikawa kama kioo kichafu, maneno ya upande huu yakapanda juu ya maneno ya upande ule. Mafuta yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikasema Amina kwa sauti kubwa ili tumalize. Sijui kipi kinanitia kinyaa zaidi, ile harufu au ile Amina. Aline alikuwa bado amesimama kwenye zulia.

Jioni Bibi akamwuliza, basi yule msichana alivuka mto?

"Vet inte," Aline akajibu, bila kugeuza kichwa. Bibi hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba maana yake ni sijui.

Leo sikuwa na kazi; asubuhi nimeipeleka maiti maktabani, ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu. Mkutubi akafungua mfuko, akaufunga upesi, akauliza kama nimekosea na kumletea chakula changu. Nikasema ni ajali ya jikoni. Hakunikaripia. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kingine kama kile, kikavu.

Nimekisoma. Kwenye benchi la metro, kisha jikoni mpaka mwisho, nikiruka milima. Na mimi niliyeacha shule mapema, nikajisomea kwenye magazeti ya kufungia mandazi, natoa hukumu: ni kitabu cha kawaida tu. Msichana analia mno. Na mbweha, ambaye nilimngoja kwa hamu, anatokea, anatoa ushauri, anakunywa chai, anaondoka. Hagusi ini la mtu yeyote. Hana ngozi ya kutundika popote. Nikarudi nyuma nikatafuta tena. Hakuna.

Nikamwuliza Bibi. Akasema maini ni yake. Ni ya mwanamke fisi wa hadithi za mama yake; alimpa Aline maini hayo kwa sababu aliona mbweha wa Wachina amekaa tu bila kazi. Na chumvi? Chumvi ni ya Aline.

Kwa hiyo tulichokiombea kitoke ni Bibi. Na Bibi mwenyewe alisema Amina.

Nimemwekea Aline kitabu kipya mbele yake. Nikamwambia hakuna atakayekigusa tena, na Mama Pasta nitazungumza naye mimi. Akasema, "Tack, Tonton," yaani asante, mjomba, akaongeza sauti ya televisheni. Bibi amekaa upande wake wa kochi, mikono mapajani. Nimesimama pale nikingoja mmoja wao aanze kusimulia. Kwani nilidhani zile jioni zao ni kitu cha kuazima maktabani?

Kitabu kiko mezani. Bibi amekiwekea sufuria ya bugali juu, kwa sababu sufuria ni ya moto na meza ni ya kioo.