Kikao cha Dirishani

Jumanne, 7 Oktoba
Nimelima matuta tangu alfajiri. Mgongo hauna hamu. Nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikaenda ofisi ya kata. Leo kamati ya kata inatuhoji tuliopendekezwa kuingia Baraza la Ardhi. Wanawake hawajatimia idadi, na wasipotimia baraza halikai.

Sikuhojiwa. Nilipopiga hodi tu nikamwona baba mkwe kwenye benchi la wajumbe. Ni mwenyekiti wa kijiji, nilijua ni mjumbe, akili yangu ilikuwa wapi? Kwetu Wandali mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Nikajifunika khanga, nikakimbilia nyuma ya ofisi. Kumbe naye mlango ameuogopa, karuka dirisha la nyuma. Mzee wa watu, na fimbo yake! Nusura tugongane.

Alipotoka yeye akidi ikavunjika, maana wajumbe wengine wako msibani Itumba. Kikao kimeahirishwa. Aibu tupu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kata nzima inacheka. Kwenye mashine ya kusaga walinyamaza nilipoingia, kisha wakashindwa kujizuia. Hata mimi nilicheka.

Mume wangu Ambakisye hacheki. Anataka nijitoe. Anasema mke wake hawezi kumrusha baba yake madirishani.

Jioni alikuja Mama Sekela, jirani. Tangu afiwe na mume, shemeji yake amekalia shamba lake la maharage. Shauri lake linasubiri baraza. Mvua zikianza shemeji atapanda, na aliyekwisha panda hang'oki kirahisi. Hakuniambia nijitoe wala nisijitoe. Tulimenya viazi, akaondoka.

Nautaka ujumbe huu wa baraza. Naandika wazi, hapa hasomi mtu.

Jumapili, 12 Oktoba
Diwani, mwenyekiti wa kamati, alipita baada ya ibada. Kiungwana sana. Amepata mwanamke mwingine wa kuingia barazani, mke wa mwenye mashine. Huyo anakubaliana na kila mtu, hata wanaogombana.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia nyumbani baba mkwe akitaka kunituma, husimama nyuma ya ukuta akauambia ukuta. Nami nasikia. Ofisi ya kata haina ukuta? Diwani akacheka, kisha akajikuna kichwa. Akasema atazungumza na mzee.

Ambakisye kala ugali. Ulikuwa umeungua, hata hakulalamika. Nimechoka na kununiwa.

Jumatano, 15 Oktoba
Kikao kimefanyika.

Kiti cha baba mkwe kiliwekwa nje, chini ya dirisha lile lile. Mtendaji wa kata akatangaza kwamba mjumbe anayesikia na kusikika yuko kikaoni. Waliokuwa msibani hawajarudi, kwa hiyo bila mzee hakuna kikao. Nikaingia, nikakaa nimeligeuzia dirisha mgongo.

Maswali ya mwanzo mepesi. Nasoma? Nasoma. Nina kesi ya ardhi? Sina. Kisha sauti ikatoka nje, inauambia ukuta: "Muulizeni huyo. Siku nikishtakiwa mimi, atanitazama?"

Nikisema hapana, sifai kuamua mashauri ya watu. Nikisema ndiyo, nimemvunjia heshima mbele ya wenzake. Niliogopa kweli. Nikasema: "Mwambieni, barazani nitamtazama kama ninavyomtazama mtu yeyote. Nje ya baraza, hapana."

Mzee mmoja akaguna. Diwani akaomba mikono. Wanaonikubali na wanaonikataa wakalingana, na yeye mwenyewe akasema hapigi kura mpaka wajumbe wote wapige. Wote wakageukia dirisha. Nami nikajisahau, nikageuka.

Mkono ukapanda dirishani. Mkavu, umenyooka. Nikainamisha macho haraka. Ambakisye ana vidole hivyo hivyo, na mimi sikuwahi kujua alikovitoa.

Nimepita.

Jumamosi, 18 Oktoba
Manyunyu ya kwanza. Hayajatosha kupanda.

Nilikwenda kumwambia Mama Sekela kwamba shauri lake ndilo la kwanza, Jumatatu. Alinipa maharage kwenye sahani. Nikayakataa, nikamweleza kwa nini. Akaona ni sawa. Ambakisye asubuhi ameniwekea viraka kwenye mwavuli.

Kurudi, nikamwona baba mkwe anakuja na fimbo yake. Nikaingia kwenye migomba kama siku zote, nikageuza uso. Kwa kawaida hupita, akakohoa kunijulisha kwamba njia ni nyeupe. Leo akasimama.

"Mwambieni atoke mapema Jumatatu," akasema. "Pale kwenye mteremko panateleza."

Hapakuwa na mtu mwingine pale, ni yeye, mimi na migomba. Nikangoja akohoe, nikatoka, nikaenda nyumbani kupika.